Shilingi Zinazokwenda Jikoni

Juni 1845, wakulima wa karibu na Kortrijk, magharibi mwa Ubelgiji, waliona majani ya viazi vyao yakitoka madoa meusi. Wiki chache baadaye viazi vyenyewe vilikuwa vinaoza ardhini. Ugonjwa huohuo ulivuka bahari ukafika Ireland, ambako njaa yake inakumbukwa hadi leo, lakini Flanders nayo haikupona. Vijiji vyake vilikuwa na msiba wa pili: familia zilizoishi kwa kusokota na kufuma kitani nyumbani zilikuwa zimeshindwa na viwanda vya mashine. Viazi vimeoza, kitambaa hakina mnunuzi, mkate umepanda bei. Kufikia 1847 barabara zilikuwa zimejaa ombaomba, na magereza yalijaa watu walioiba chakula au waliokamatwa kwa kuzurura.

Mtu aliyeyajua magereza hayo chumba kwa chumba aliitwa Édouard Ducpétiaux, mkaguzi mkuu wa magereza na taasisi za hisani wa Ubelgiji. Kazi yake ilimfundisha kwamba wengi wa wafungwa wale walianza safari yao kwenye sufuria tupu. Serikali ilijua idadi ya watu, idadi ya viwanda na uzito wa makaa yaliyochimbwa. Haikujua familia ya mfumaji inakula nini, wala inalipa kiasi gani kukipata.

Mwaka 1853 mkutano wa kwanza wa kimataifa wa takwimu ulifanyika Brussels, chini ya uongozi wa Adolphe Quetelet, mtaalamu wa nyota aliyegeukia kuwahesabu wanadamu. Wajumbe walikubaliana kwamba matumizi ya familia za wafanyakazi yakusanywe kwa utaratibu mmoja ili yaweze kulinganishwa. Ducpétiaux ndiye aliyeshika kazi hiyo. Alitafuta familia za mume, mke na watoto wanne, mkoa kwa mkoa, na akazigawa katika makundi matatu: zinazotegemea msaada wa umma, zinazojikimu kwa shida bila msaada, na zilizo na nafuu kidogo. Mwaka 1855 alichapisha hesabu za familia 199. Mkate, viazi, siagi, kahawa, nguo, kodi, kuni za kupikia na za kuotea moto, vyote viliandikwa. Ni kitabu cha huruma kilichoandikwa kwa tarakimu, na juu yake ndipo yaliyofuata yalipojengwa.

Yaliyofuata yalitokea Saxony, upande wa mashariki wa Ujerumani. Ernst Engel, aliyezaliwa Dresden mwaka 1821, alisomea uhandisi wa madini Freiberg, kisha akasafiri kwenda Ufaransa na Ubelgiji. Alikutana na Frédéric Le Play, naye mhandisi wa madini, aliyekuwa akiandika maisha ya familia za wafanyakazi wa Ulaya moja moja, hadi kwenye chungu na kabati. Alikutana pia na Quetelet. Aliporudi alikabidhiwa ofisi mpya ya takwimu ya ufalme wa Saxony mwaka 1850, eneo lililokuwa limejaa viwanda kuliko karibu kila pembe ya Ujerumani. Swali lililowasumbua wakubwa wa wakati ule lilikuwa moja: je, Saxony ina watu wengi kuliko inavyoweza kuwalisha?

Engel hakuwa na hesabu za majiko ya Saxony. Alichukua za Ubelgiji. Katika zile 199 alitumia familia 153, akazipanga upya na kujumlisha, na mwaka 1857 akachapisha matokeo. Kundi la waliotegemea msaada lilipeleka asilimia 70.89 ya matumizi yake yote kwenye chakula. Waliojikimu kwa shida, asilimia 67.37. Wenye nafuu, asilimia 62.42. Tofauti kati ya juu na chini haifiki pointi 9, na mtu mwingine angeipita bila kugeuka. Engel aliona kanuni ndani yake: kadiri familia ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyolazimika kwenda kwenye chakula.

Hakuishia hapo, na hatua yake ya pili ndiyo inayoifanya habari hii iwe kubwa. Alisema lililo kweli kwa familia ni kweli kwa watu wa eneo zima. Ukitaka kujua hali ya mkoa au taifa, usianze na mapato, ambayo watu huyaficha au hawayajui. Uliza ni sehemu gani ya matumizi inayoishia mezani. Kwa kipimo hicho mji unaweza kulinganishwa na kijiji, na nchi ya faranga na nchi ya talari, bila kubadilisha fedha wala kubishana kuhusu bei, kwa sababu asilimia haina sarafu. Ujasiri wake ulikuwa na udhaifu wake, kwani kuipima Saxony kwa majiko ya Flanders ni kudhani kwamba umaskini una sura moja kila mahali. Hata hivyo, vizazi vya watafiti vimeirudia hesabu yake katika nchi nyingi, na mwelekeo umebaki uleule.

Ofisi yenyewe hakukaa nayo. Alishambuliwa katika bunge la Saxony, akajiuzulu mwaka 1858, na miaka miwili baadaye akawa mkuu wa takwimu wa Prussia mjini Berlin, kazi aliyoishika hadi 1882. Mwaka 1895, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alirudi kwa familia zake za Ubelgiji kwa kitabu kingine, akilinganisha gharama zao za zamani na za wakati ule. Humo alipendekeza kipimo cha ulaji alichokiita quet, kwa heshima ya Quetelet: mtoto mchanga ni quet moja, kisha sehemu ya kumi inaongezwa kila mwaka, hadi mwanamke afike tatu akiwa na miaka 20 na mwanamume tatu na nusu akiwa na 25. Alikuwa ametambua kwamba familia ya watu sita si midomo sita iliyo sawa. Alifariki mwaka uliofuata.

Marekani iliipokea kanuni yake mapema. Carroll Wright wa ofisi ya takwimu za kazi ya Massachusetts alihoji familia 397 za wafanyakazi na kuchapisha matokeo mwaka 1875, akaitangaza sana kanuni ya Engel, pamoja na mambo mengine kuhusu nguo na nyumba ambayo Engel hakuyasema. Lakini aliyeipa nguvu ya kisheria alikuwa mwanamke wa Bronx, mtoto wa wahamiaji kutoka Ukraine, aliyewahi kupanga foleni ya chakula cha msaada pamoja na familia yake. Mollie Orshansky, mtumishi wa idara ya hifadhi ya jamii, alikuta utafiti wa 1955 ulioonyesha kwamba familia za Marekani za watu watatu au zaidi zilitumia takriban theluthi moja ya kipato chao kwa chakula. Akachukua gharama ya mlo wa bei ndogo kabisa uliopangwa na wizara ya kilimo, akaizidisha kwa tatu. Mwaka 1969 hesabu hiyo ikawa mstari rasmi wa umaskini wa Marekani. Tangu hapo mstari umekuwa ukisogezwa kufuata bei tu. Leo chakula cha kupikwa nyumbani kinachukua chini ya asilimia 10 ya matumizi ya Wamarekani, lakini mstari bado umesimama juu ya jiko la 1955.

Kwa Afrika Mashariki hesabu hizi zilipitia Cape Town.

Edward Batson, profesa wa chuo kikuu cha mji huo, aliongoza utafiti wa kaya za Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1930, akabuni kipimo kilichotumika baadaye katika makoloni mengi ya Uingereza. Nyuma yake alisimama Seebohm Rowntree, aliyehesabu umaskini wa mji wa York mwaka 1899. Kipimo cha Batson kilijumlisha chakula cha chini kabisa cha kuuweka mwili na afya, nguo, nishati ya kupikia na taa, sabuni, kisha kodi ya nyumba na nauli ya kwenda kazini. Basi. Dawa hazimo, wala ada ya shule, gazeti, tumbaku au zawadi ya harusi. Batson mwenyewe alionya kwamba hakuna mwanadamu anayeishi hivyo, na kwamba aliyechora mstari ule alichora ukomo wa uhai wa mwili. Watawala waliotaka namba ya kuwekea mishahara waliuchukua mstari na kuliacha onyo.

Mwaka 1948 na 1949 Batson alifanya utafiti mkubwa wa kijamii Unguja na Pemba kwa ajili ya serikali ya Zanzibar. Haukuwa wakati wa kawaida. Agosti 1948 makuli wa bandari ya Unguja waligoma, na mgomo ukaenea mji mzima. Mwaka mmoja kabla, Septemba 1947, makuli wa Dar es Salaam walikuwa wamegoma, na habari ikasafiri na reli ya kati hadi bara. Na kabla ya wote, tarehe 13 Januari 1947, Mombasa ilikuwa imesimama. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi kwa karibu wiki mbili: wa bandari, wa reli, wa hoteli, watumishi wa nyumbani. Walikutana kila siku kwenye uwanja walioupa jina la Kiembeni, na Chege Kibachia akawa sauti ya chama chao hadi alipokamatwa Agosti mwaka huohuo na kupelekwa kizuizini Baringo.

Madai yao yalikuwa ya jikoni. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimepandisha bei, na mshahara haukufuata. Ndiyo maana Jaji Ransley Thacker, aliyepewa kazi ya kuamua mgogoro wa Mombasa, alijikuta akichambua gharama za chakula, nguo na nyumba kabla ya kufika kwenye sheria yoyote. Jaji huyohuyo ndiye aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta Kapenguria.

Sasa, hesabu ilipofanywa, ilifanywa kwa mtu gani? Hapa ndipo penye jeraha la historia hii. Fomula za mishahara za Kenya zilimhesabu mwanamume mmoja, mseja, anayepika sufuria yake. Mke na watoto walidhaniwa wako kijijini, wakijilisha kwa shamba. Kamati iliyoongozwa na Arthur Phillips ilikuwa imeikosoa dhana hiyo Mombasa tangu 1945: mji hauwezi kuendeshwa milele kwa vibarua wa kupita wanaolipwa kana kwamba hawana familia. Lakini mama wa mtaa wa Majengo aliyewasha jiko kila jioni kwa ajili ya watu watano hakuwemo katika namba. Mkunga, muuza samaki, mke aliyekuja mjini na mtoto mgongoni, wote walikula kutoka katika mshahara uliopimwa kwa tumbo moja. Ni mwaka 1954 tu ambapo kamati ya mishahara iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipendekeza waziwazi kwamba mshahara wa chini uondoke kwenye kipimo cha mseja na kusogea kwenye kipimo cha familia, hatua kwa hatua.

Wakati huo idara ya takwimu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1948, ilikuwa imeanza kuuliza wafanyakazi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanatumiaje pesa zao. Ripoti ya vibarua wa Dar es Salaam ya Agosti 1950 ni mojawapo. Baada ya uhuru kazi ikachukuliwa na nchi zenyewe. Tanzania ilifanya utafiti wa matumizi ya kaya mwaka 1969, kisha 1976/77.

Huo wa pili uliwakuta watu wakiwa wametoka kwenye ukame wa 1973 na 1974, walipokula unga wa mahindi ya njano ya msaada walioubatiza Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu hiyo ya mpira. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu zaidi. Baada ya vita vya Kagera, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na sembe vilipatikana kwa foleni, na bei iliyobandikwa dukani haikuwa bei ambayo mtu alilipa nyuma ya nyumba. Mwaka 1983 serikali ilifanya msako wa wahujumu uchumi, na bidhaa zikazidi kupotea. Mtumishi wa serikali wa Dar es Salaam hakuweza tena kulisha nyumba kwa mshahara wa mwezi. Kilichomwokoa kilikuwa vitumbua vya mke, kuku wa uani, ng'ombe wa maziwa pembeni ya mji, shamba la mihogo Kigamboni au Mbagala. Mwanasayansi wa siasa Aili Mari Tripp aliyaandika maisha hayo kwa kina. Mchumi aliyesoma mishahara peke yake angesema watu hawa wamekwisha kufa. Aliyesoma matumizi aliona wanaishi, na akalazimika kuuliza pesa zinatoka wapi. Engel alikuwa sahihi kuanzia jikoni.

Leo matokeo ya tafiti hizi yanaingia katika kila tangazo la mfumuko wa bei. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutengeneza kapu la bidhaa, na kila bidhaa hupewa uzito kulingana na sehemu yake katika matumizi ya kaya. Ukiufuata uzito wa chakula katika makapu ya Tanzania Bara, unaona nchi ikibadilika. Kapu lililotokana na utafiti wa 1991/92 lilikuwa na chakula asilimia 71.2, karibu sawa kabisa na maskini wa Ducpétiaux. Lililotokana na utafiti wa 2000/01, asilimia 55.9. La 2007, asilimia 47.8. La 2011/12, asilimia 38.5. La 2017/18, asilimia 28.2. Kenya nayo ilishuka kutoka 36.04 katika kapu la 2009 hadi 32.91 katika la 2019.

Kushuka huko kuna ukweli mkubwa ndani yake. Vocha, bodaboda, ada, kodi ya chumba, umeme wa luku: mambo haya yameingia katika pesa ya kila kaya na kukipunguzia chakula nafasi. Lakini sehemu ya kushuka ni ya makaratasi. Wali wa mama ntilie na chipsi mayai za kijiweni sasa huhesabiwa katika fungu la migahawa, na bia ina fungu lake, ingawa vyote vinaishia tumboni. Tena kapu la bei linatazama kinachonunuliwa. Gunia la mahindi lililotoka shambani Sumbawanga likaliwa Sumbawanga halina bei dukani, na kaya kama hiyo inalishwa na kitu ambacho kapu haliwezi kukiona vizuri.

Ipo pia taabu ya kuuliza. Kaya za mjini hununua kwa kupima: mafuta ya kipimo asubuhi na mengine jioni, fungu la nyanya, unga wa robo dukani kwa Mangi, dagaa wa sahani moja. Wanaonunua hivi hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayebeba gunia, na ununuzi wao ni mwingi mno kukumbukwa. Kati ya 2007 na 2008 watafiti walifanya jaribio kubwa Tanzania. Walichukua kaya zipatazo 4,000 na kuzigawa kwa bahati nasibu katika mitindo minane ya kuuliza: wengine waliandika daftari kila siku, wengine waliulizwa kukumbuka wiki moja, wengine wiki mbili, kwa orodha ndefu au fupi. Watu walikuwa wa maeneo yaleyale na majira yaleyale. Hata hivyo kiwango cha njaa kilichopatikana kilikwenda kutoka asilimia 19 hadi 68, kutegemea mtindo wa kuuliza. Namba hiyo inapaswa kuwa mbele ya kila waziri anayejivunia kupungua kwa umaskini na kila mpinzani anayelia kwamba umeongezeka.

Wanasiasa wa Kenya wanaijua nguvu ya jiko bila utafiti. Mei 2017, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, serikali ilishusha pakiti ya kilo mbili ya unga hadi shilingi 90 kwa ruzuku. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mwingine, ilitangaza shilingi 100. Rais mpya hakuiendeleza ruzuku hiyo.

Utafiti wa Tanzania Bara wa 2017/18 uliacha namba mbili ambazo huwa hazisomwi pamoja. Ya kwanza ni ule uzito wa asilimia 28.2. Ya pili imo katika mstari wa umaskini. Mtu mzima alihesabiwa kuwa maskini wa mahitaji ya msingi ikiwa matumizi yake kwa mwezi hayakufika shilingi 49,320, na katika hizo, 33,748 zilikuwa za chakula pekee. Hiyo ni asilimia 68. Zaidi ya robo ya wananchi, asilimia 26.4, walikuwa chini ya mstari huo. Kapu la taifa linapima wastani unaovutwa na wenye kutumia sana. Mstari unawapima walio ukingoni, na hao wako palepale walipokuwa wafumaji wa Flanders.

Januari 2023 mfumuko wa bei Tanzania ulitangazwa kuwa asilimia 4.9 kwa mwaka. Chakula na vinywaji baridi vilikuwa vimepanda kwa 9.9, baada ya mvua haba na mahindi kuadimika. Kwa kaya inayopeleka asilimia 28 ya pesa zake jikoni, chakula kilikuwa kimeongeza gharama za maisha kwa chini ya asilimia 3. Kwa ile ya mstarini, inayopanga chumba mjini na haina shamba la kuvuna, chakula peke yake kilikuwa kimeziongeza kwa karibu asilimia 7, kabla ya kodi, mkaa na nauli. Zote mbili zilisikia tangazo moja.